Kuunda kifaa cha kuchambia kwenye choo cha kukaa, kwa maji tuliyonayo Mombasa

Choo cha kukaa hakikuundwa kwa ajili ya mtu anayechamba kwa maji. Kwenye choo cha kuchuchumaa kazi ni nyepesi: mkono wa kulia unashika kopo au birika, wa kushoto unasafisha, na maji yanashuka moja kwa moja shimoni. Ukikaa, mapaja na kikalio cha choo vinaziba njia. Mkono unalazimika kupenya kwa mbele au kwa nyuma, kopo halina pa kumiminia, na nusu ya maji huishia juu ya kikalio, sakafuni na kwenye pindo la kanga au kanzu. Kwa kijana ni kero ya dakika moja. Kwa bibi mwenye goti bovu, kwa mzazi aliye ndani ya arubaini yake na mshono haujapona, au kwa mtu mwenye bawasiri, ni shida anayokwenda nayo msalani kila siku, na mara nyingi hamwambii mtu.

Madukani kuna vifaa vya aina mbili. Kuna shawa ya Kiarabu, ule mpira wenye kichwa cha kubonyeza unaoning'inia ukutani. Na kuna bamba la plastiki linalofungwa chini ya kikalio, lenye ncha inayorusha maji kutoka nyuma. Hili la pili ndilo linalomfaa mtu asiyeweza kujipinda, na ndilo tutakalolishughulikia hapa. Tatizo ni kwamba mengi ya mabamba hayo yameundwa kwa miji ambayo maji matamu hutoka bombani saa 24 kwa presha ya bari 2 au zaidi. Mombasa si hivyo. Maji yetu ya bomba yanatoka mbali: Mzima kule Tsavo Magharibi, zaidi ya kilomita 200, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi upande wa Kwale. Yanakuja kwa mgao. Nyumba inaishi kwa tangi la juu, na panapopungua inajazia kwa kisima cha maji ya chumvi. Kifaa kilichoundwa kwa hali nyingine kitatoa maji ya kudondoka, kisha kitaota kutu, kisha kitaziba. Kwa hiyo tunaanza na maji, halafu ndipo tunakuja kwenye plastiki.

Presha ya tangi inatosha, mpira ndio unaoila

Kila mita 10 za kimo cha maji ni karibu bari 1. Mtungi wa maji, tutakaoufikia mbele, uliowekwa mita 1.85 juu ya ncha unatoa chini ya bari 0.2, na watu wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kununua pampu. Haina haja. Kasi ya maji yanayotoka kwenye tundu inategemea kimo: kwa mita 1.85 ni kama mita 6 kwa sekunde pasipokuwa na kikwazo. Ukitoa kinachopotea njiani, hata ikibaki mita 1.5 ya kimo, kasi bado ni mita 5.4 kwa sekunde. Mruko wa aina hiyo ukielekezwa juu wima unapanda zaidi ya mita moja. Kwa kusafisha mwili, mruko unaopanda nusu mita hadi mita moja unatosha kabisa, na unaozidi sana hapo unaanza kuumiza ngozi iliyochubuka.

Ukali kupita kiasi una ubaya mwingine ambao waundaji wa ng'ambo hawaufikirii. Maji yanayopiga kwa nguvu yanaruka, na yakirukia nguo yakiwa yamebeba najisi, mtu anayetaka kwenda kuswali hana budi kuosha au kubadilisha nguo. Nyumba zenye pampu ya presha, kama maghorofa mengi ya Nyali na Bamburi, ndizo zenye shida hii zaidi. Kwa bari 2 maji hutoka kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Hiyo si ya kuelekezea mwili wa mtu.

Basi kinachofanya kifaa cha nyumba ya tangi kidondoke ni nini? Mara nyingi ni mpira mwembamba. Chukua mpira wenye tundu la ndani la milimita 4, kama ule wa robo inchi wa mashine za kuchujia maji ya kunywa, urefu wa mita 1.5, upitishe lita 1.5 kwa dakika. Msuguano pekee unakula takriban mita 2.5 za kimo, yaani zaidi ya ulichonacho. Badilisha uweke mpira wa tundu la milimita 8, urefu uleule, maji yaleyale: unapoteza kama sentimita 10. Kupunguza kipenyo nusu kunaongeza upotevu zaidi ya mara 25. Kwa hiyo kabla hujanunua, chungulia ndani ya mpira. Fleksi, ule mpira wa kuunganishia wenye nati, ya nusu inchi inaitwa nusu inchi kwa sababu ya uzi wa nati zake, si kwa sababu ya tundu. Nzuri ina milimita 8 au zaidi ndani, mbovu inaweza kuwa na 6 au pungufu.

Kuna imani kwamba ukiona maji ni dhaifu, toboa tundu dogo zaidi ili "yakaze". Hiyo inasaidia pale tu ambapo njia ya nyuma imebanwa. Njia ikiwa wazi, kupunguza tundu hakuongezi kasi hata kidogo, kunapunguza maji tu. Tundu la milimita 2 linatoa mruko mwembamba unaochoma kama sindano, na chumvi inaliziba mapema. Tundu la milimita 4 linamwaga karibu lita 2.5 kwa dakika na kurusha matone. Milimita 3 ndiyo ninayoipendekeza: kwa kimo tulichotaja inatoa kiasi cha lita 1.4 kwa dakika, kwa hiyo nusu dakika ya kujisafisha ni kama lita 0.7. Birika la kawaida linatumia kiasi hicho au zaidi.

Ncha: kina, umbali na pembe

Hapa ndipo mabamba mengi ya kujitengenezea yanapoharibika, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Ncha iko nyuma, katikati. Mahali pa kupigwa na maji, kwa mtu mzima aliyekaa vizuri, anza kwa kukadiria sentimita 12 mbele ya ukingo wa ndani wa nyuma wa kikalio, kisha utarekebisha. Ukiweka ncha juu, karibu kabisa na kikalio, mruko utalala mno, utapita chini ya mahali panapotakiwa na kutokea mbele sakafuni. Ukielekeza wima kabisa, maji machafu yanarudi kuangukia ncha yenyewe. Kinachotakiwa ni mruko wa kuinama kuelekea mbele, ili maji yakishapiga yaanguke mbele ya ncha, ndani ya bakuli. Kampuni ya TOTO ya Japani, iliyoanza kuuza Washlet mwaka 1980, ilichagua nyuzi 43 kwa ajili ya mruko wa nyuma. Nyuzi 45 zinakaribia hapo vya kutosha na zina hesabu rahisi: kina cha ncha chini ya uso wa kikalio kiwe sawa na umbali wake hadi mahali pa kupigwa. Ncha ikiwa sentimita 3 mbele ya ukingo wa nyuma, imebaki na sentimita 9 kufika, kwa hiyo ishuke karibu sentimita 9 chini ya uso wa kikalio. Kwa kuwa mwili unazama kidogo ndani ya kikalio, 8 inatosha.

Kwa mrija, tumia shaba ya inchi 5/16, ile ya mafundi friji, ambayo ni karibu milimita 8 kwa nje na 6 kwa ndani. Sentimita 25 zinatosha. Jaza mchanga mkavu laini, ziba pande zote mbili kwa tepu, ndipo upinde polepole kuzunguka kipande cha bomba. Bila mchanga shaba inajikunja na kubanika. Mrija ushuke wima ukiwa umeegemea nyuma ya bakuli, kisha sentimita 3 za mwisho zipindwe nyuzi 45, kuelekea chini na mbele. Fundi friji akuzibie mwisho wake kwa kuchomelea. Halafu toboa tundu la milimita 3 ubavuni, upande wa juu wa kile kipande kilichoinama, kama sentimita 1 kabla ya mwisho. Maji hutoka yakiwa yamesimama mraba na ukuta wa mrija, kwa hiyo mrija ulioinama nyuzi 45 chini unarusha maji nyuzi 45 juu. Hakuna haja ya kutafuta pembe kwa keekee. Umeshaipinda kwenye mrija.

Baada ya kutoboa, tazama ndani ya tundu kwa karibu. Biti huacha ukucha mwembamba wa shaba upande wa ndani. Ukucha huo haushikiki kwa kidole, lakini unapasua mruko ukatoka kama feni badala ya kutoka kama kijiti. Zungusha biti ya milimita 5 kwa vidole tu, mara mbili tatu, uukwangue, kisha pitisha maji kwa nguvu yatoe vumbi. Fanya hivyo kabla ya kufunga kitu chochote.

Mruko hautatoka mraba kamili. Maji yanayotembea ndani ya mrija yanausukuma uelekee kidogo upande yanakokwenda, kwa hiyo utalala nyuzi chache kuliko ulivyopanga. Ndiyo maana mrija usikazwe moja kwa moja kwenye bamba. Uache uweze kuzunguka na kupanda au kushuka sentimita 1, ukaze baada ya kujaribu.

Juu ya ncha vika kinga: kipande cha bomba la PVC la inchi 1, chenye dirisha la milimita 10 mbele ya tundu. Kinga inapokea uchafu badala ya ncha, na inachomoka kwa kuosha.

Bamba lenyewe ni jambo dogo. Ubao wa plastiki wa kukatia mboga ni bora kuliko perspeksi, ambayo hupasuka kwenye matundu. Kata utepe wa sentimita 38 kwa 7, unene wa milimita 6 ukiupata. Matundu ya bawaba za kikalio kwa kawaida yako milimita 155 kati yake, lakini vyoo vya madukani vinatofautiana, na vya vipimo vya Kimarekani ni 140, kwa hiyo toboa matundu marefu badala ya ya duara, kuanzia 135 hadi 170. Upande mrefu wa utepe utokeze kulia kwa aliyekaa, maana huko ndiko koki inakokaa. Mkono wa kushoto ni wa kusafisha. Ukiweka koki kushoto, umemlazimisha mtu kushika koki kwa mkono uliokwisha kuguswa na uchafu, na atakayefuata ataishika hiyohiyo.

Bamba linanyanyua nyuma ya kikalio kwa unene wake. Usipoongeza vipira vya unene uleule mbele, kikalio kinabembea kila mtu anapokaa na bawaba zinavunjika. Hilo ni kosa la kawaida sana, na lawama huangukia kikalio.

Maji yatoke wapi

Njia inayofanywa na mafundi wengi ni kuweka ti, kiungo cha njia tatu, kwenye engo valvu ya sistani, ile koki ndogo ya ukutani inayolisha tangi la kufulashia, upande mmoja uende sistani na mwingine uende kwenye bamba. Ni kazi ya robo saa. Lakini jiulize mambo mawili kwanza.

La kwanza, ni maji gani yanayoingia sistani? Nyumba nyingi za hapa zina laini mbili: maji matamu ya jikoni na ya kuoga, na maji ya kisima ya kufulashia. Ti ya sistani inakupa maji ya kisima. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, wenye matundu, na maji ya mashimo ya vyoo yanapita humo hadi visimani bila kuchujwa sana. Kurusha maji hayo kwenye mshono au ngozi iliyochanika ni kumtia mtu hatarini. Onja? Hapana. Fuata bomba kwa macho kuanzia tangi, au funga laini moja uone sistani inaacha kujaa au la.

La pili ni maji kurudi nyuma. Ncha yetu iko chini ya ukingo wa bakuli. Choo kikiziba na maji yakapanda, ncha inazama. Wakati huohuo tangi likawa tupu na mtu akafungua bomba la chini jikoni: bomba linavuta, na kitakachovutwa ni maji ya choo. Hili si la kufikirika kwenye mji wa mgao, ambapo mabomba hubaki matupu na kuvuta hewa mara kwa mara. Usiunge kabisa kwenye laini ya moja kwa moja ya barabarani. Na usitegemee valvu ya njia moja peke yake: ya springi inaweza kuhitaji kimo cha nusu mita ili ifunguke tu, na kwa tangi la chini hiyo ni sehemu kubwa ya ulichonacho; ile ya mlango inafunguka kwa maji kidogo, lakini punje moja ya mchanga ikikaa mlangoni haifungi tena.

Ninachopendekeza ni mtungi wa lita 20 wa kifaa hiki peke yake, umekaa ukutani nyuma ya choo. Unatatua mambo matatu kwa mpigo: haushiki laini ya jikoni, kwa hiyo hakuna cha kuvutwa, unafanya kazi siku bomba halina kitu, na unaujaza maji matamu hata kama sistani inakula ya chumvi. Kwa lita 0.7 kila mara, mtungi mmoja unatosha zaidi ya mara 25.

Chini ya mtungi kuwe mita 2.2 kutoka sakafuni. Ncha iko kama sentimita 35 kutoka sakafuni, na tofauti ndiyo ile mita 1.85. Toboa kwa ajili ya tengi konekta (kiungo cha kutolea maji mtungini) ya nusu inchi ubavuni, sentimita 2 juu ya kitako, ili mchanga ubaki chini. Toboa tundu la hewa la milimita 3 juu kabisa. Bila tundu hilo maji yanatoka vizuri nusu dakika, kisha yanadhoofika, kisha mtungi unajiminya, na mtu anafikiri ncha imeziba. Mtungi uwe wa rangi isiyopitisha mwanga, la sivyo ukijani unaota ndani.

Mtungi uliojaa una kilo 20 na ushei. Ukuta wa bloku za saruji unabeba chuma cha engo na bolti nne bila wasiwasi. Kuta za Mji wa Kale, za mawe ya matumbawe na chokaa, hazishiki plagi: tundu linabomoka na kuwa unga. Humo weka stendi ya miguu minne inayosimama sakafuni, ifungwe ukutani kwa kuzuia kuanguka tu. Na kazi ya kujaza isiwe ya mzee kupanda kigoda. Iwe ya kijana wa nyumba, asubuhi, kwa ndoo ndogo.

Anayetaka ijijaze yenyewe anaweza kutumia sistani ya plastiki isiyotumika badala ya mtungi. Tayari ina boya, kifuniko na njia ya kufurika. Ziba tundu kubwa la kufulashia kwa bamba na tengi konekta, na hakikisha boya linamwaga maji kwa juu, angalau sentimita 3 juu ya mahali pa kufurikia, si kupitia mrija uliozama. Ule mwanya wa hewa ndio kinga yako. Inabeba lita 6 hadi 9 tu, inatosha.

Vyovyote vile, funika, na njia ya kufurika ivishwe wavu. Mbu wa dengi anataga kwenye maji ya ndani ya nyumba, na Mombasa imeshapata mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya kuanzia mwisho wa 2017.

Kufunga

Mpangilio ni huu, kutoka juu: mtungi, valvu ya kufungia, bomba la plastiki la PPR la milimita 20 lishuke, koki ya mkononi kwenye bamba, mpira mfupi, ncha. Baada ya koki kusiwe na valvu nyingine yoyote. Koki ikifungwa, mpira unabaki wazi upande wa ncha na haubebi presha. Hapa ndipo kifaa hiki kinapoishinda shawa ya Kiarabu, ambayo kizuizi chake kiko mwishoni, kwenye kichwa: mpira wake unabeba presha usiku na mchana, na ukipasuka nyumba ikiwa tupu unamwaga tangi zima. Mwenye shawa ya Kiarabu afunge engo valvu kila anapomaliza, na mpira uwe mfupi kiasi kwamba kichwa kikianguka hakifiki kwenye maji ya bakuli.

Koki ya mkononi iwe ile ya kuzungusha mara kadhaa, yenye washa ya mpira ndani. Ya robo mzunguko inapitisha maji mengi zaidi, lakini inaruka kutoka hakuna hadi yote kwa kugusa kidogo, na mzee atashtuka. Washa ya mpira hubadilishwa bila kununua koki mpya.

Tepu ya uzi ni ya nyuzi za chuma kwa chuma au PPR kwa chuma: mizunguko 8 hadi 12, kufuata upande wa kukazia, vinginevyo inajifungua unapokaza. Nati za fleksi hazitaki tepu, zinaziba kwa washa yake. Kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko kwa spana. Nati ya plastiki iliyokazwa kupita hapo haivuji leo. Inapasuka wiki ya tatu.

Kabla ya kumkalisha mtu, tandaza plastiki angavu juu ya kikalio, ibandike kwa tepu pande zote, fungua koki polepole, na uweke alama kwa kalamu pale maji yanapopiga. Pima. Kama yanapiga mbele mno, mruko umelala: pandisha ncha kidogo. Kama yanakwenda pembeni, mrija haujakaa katikati, uzungushe, au kuna ukucha uliobaki tunduni. Ukipata, kaza, kisha pima maji: kinga mruko kwa kopo la lita 1 na uhesabu sekunde hadi lijae. Sekunde 40 hadi 50 ni sawa. Zaidi ya 70, kuna mahali pamebanwa, anza na mpira. Mwisho, viringisha karatasi ya chooni kavu kwenye kila kiungo na uiache hadi kesho yake. Jasho dogo la maji lisiloonekana kwa jicho linaonekana kwenye karatasi.

Chumvi

Kama huna budi kutumia maji ya kisima, chagua vitu kwa chumvi. Vichwa na koki zinazong'aa lakini ni nyepesi mkononi ni aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Chumvi inapenya kwenye mchubuko wa kwanza na ndani panakuwa unga mweupe. Shaba nyeupe ya bei rahisi inapoteza zinki yake na kubaki sponji ya rangi ya waridi, inavunjika ukiikaza. Fleksi ya waya wa chuma kisichoota kutu huota kutu vilevile kwa maji ya chumvi na hewa ya bahari, waya unakatika mmoja mmoja karibu na nati. Yenye nailoni inadumu zaidi. Chuma hicho kikiwa cha daraja la 316 kinastahimili zaidi, cha 304 kinatoboka vitundu. Plastiki haijali. Mrija wa shaba nyekundu unachakaa polepole kwa maji ya kisima, kwa hiyo uchunguze kila mwaka kwenye sehemu iliyopindwa.

Maji yetu ya mwambani pia yana chokaa. Ncha ikianza kurusha pembeni, mara tisa kati ya kumi ni chembe ya chokaa ukingoni mwa tundu. Usiichokoe kwa pini, utaharibu ukingo. Chomoa mrija, uzamishe ncha kwenye siki au maji ya ndimu usiku kucha, asubuhi suuza na upitishe maji. Usitumie tindikali ya kuzibulia vyoo kwenye shaba, na kamwe usichanganye siki na dawa ya klorini ya kusafishia choo, hutoa gesi inayoziba pumzi, na chooni dirisha huwa dogo.

Na kitu kimoja cha alasiri: bomba linalopita darini au ukutani juani hupata maji ya moto, ya kuweza kuunguza. Mtungi wa ndani hauna shida hiyo, ila bomba la kutoka tangi la juu linayo. Koki ifunguliwe kidogo tu sekunde chache, maji yadondoke bakulini bila kuruka, kabla ya kukaa, na mzee aambiwe hivyo siku ya kwanza, akiwa amekaa na nguo zake, mkono wake wa kulia juu ya koki, aizungushe mwenyewe mpaka azoee inavyoanza.